Kiti Kilichojaa na Rafu Isiyoguswa: Namna ya Kuoanisha Mkusanyo, Huduma na Shughuli katika Maktaba za Umma Tanzania Bara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo baina ya mkusanyo wa vitabu, huduma na shughuli katika maktaba za umma Tanzania Bara. Hoja kuu ni kwamba maktaba hizi hazikosi watu. Wanaokuja ni wengi, ila wengi wao hutafuta kiti, meza na utulivu, kisha huondoka bila kugusa rafu. Hali hiyo imetokana na historia ya maktaba zenyewe, lugha ya vitabu vilivyomo, zana za kutafutia vitabu na masharti ya kuazima. Makala yanapendekeza kwamba uboreshaji uanze kwa msomaji ambaye tayari ameketi ndani ya maktaba, na kwamba kila uamuzi kuhusu ununuzi, upangaji au shughuli upimwe kwa kigezo kimoja: je, umemsogeza msomaji huyo kutoka kitini hadi kwenye rafu?

1.0 Utangulizi

Mtu aingiaye katika maktaba ya mkoa siku ya kazi, hasa katika miezi ya kuelekea mitihani ya taifa, aghalabu hukuta viti vimejaa. Walioketi ni wanafunzi wa sekondari, wanachuo na watahiniwa wa kujitegemea. Mezani pao kuna madaftari, karatasi za mitihani iliyopita na vitabu walivyokuja navyo wenyewe. Rafu zimewazunguka pande zote, lakini ni wachache wanaoinuka kuziendea. Anayeinuka mara nyingi anakwenda kuchaji simu au kupunga upepo.

Mwandishi wa makala haya anaifahamu hali hiyo kwa kuiishi. Alipokuwa kidato cha tatu na cha nne alijisomea karibu kila Jumamosi katika maktaba moja ya umma ya mji aliokulia, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na meza wala taa ya uhakika. Katika miaka hiyo miwili hakuazima kitabu hata kimoja. Alikuja kugundua baadaye, alipokuwa chuoni na kurudi likizo, kwamba mojawapo ya riwaya teule alizokuwa akizisoma kwa muhtasari ulionakiliwa kutoka kwa wenzake ilikuwapo katika rafu iliyokuwa nyuma ya kiti chake. Hakuna aliyemficha. Hakujua, na maktaba haikuwa na njia ya kumjulisha.

Swali linaloongoza makala haya linatokana na umbali huo mfupi. Ni mambo gani yanayomtenga msomaji aliyeketi na kitabu kilicho hatua tatu kutoka alipo, na maktaba ifanye nini ili kuyaondoa?

2.0 Usuli wa Maktaba za Umma Tanzania Bara

Kabla ya uhuru, huduma ya vitabu kwa Waafrika wa Tanganyika ilipitia kwa sehemu kubwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948. Pamoja na kuchapisha, shirika hilo lilipeleka masanduku ya vitabu kwenye vituo vya mashambani na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Mwaka 1960 Sidney Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza mfumo wa maktaba za umma kwa nchi za Afrika Mashariki. Sheria ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963 na huduma ikaanza mwaka 1964. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria Na. 6 ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania majukumu mapana zaidi, yakiwamo kuendeleza maktaba nchini, kufundisha watumishi wake na kupokea nakala za machapisho yanayotolewa nchini.

Maktaba hizo zilikua sambamba na kampeni ya kisomo. Sensa ya mwaka 1967 ilionesha kuwa asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 9.6. Waliohitimu kisomo chenye manufaa walihitaji cha kusoma ili wasiusahau ujuzi walioupata. Kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini kama vile Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtu mzima, msemaji wa Kiswahili, mwenye shamba au kazi ya mikono, ambaye angeazima kitabu na kwenda nacho nyumbani.

Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 uliikata njia hiyo. Karatasi na fedha za kigeni zilikosekana, wachapishaji wakadhoofika, na maktaba nyingi za vijiji zikabaki na vitabu vilevile hadi vikachakaa. Waliofundishwa kusoma wakakosa cha kusoma. Ufa huo haukuzibwa.

Wimbi la pili lilikuja na upanuzi wa elimu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zikaongezeka kwa kasi katikati ya muongo huo, na kuanzia mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Madarasa yalijengwa upesi kuliko maktaba za shule. Mwanafunzi asiye na mahali pa kusomea akaelekea kwenye jengo la umma lenye meza, kivuli na ukimya. Hivyo basi, maktaba iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mzima anayeazima ilirithiwa na mtahiniwa anayehitaji kiti. Mkusanyo, kanuni na takwimu zake hazikubadilika kwa kadiri hiyo.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Makala haya yanaongozwa na kanuni za ukutubi zilizotolewa na mtaalamu wa India, S. R. Ranganathan, mwaka 1931. Katika kanuni zake tano, tatu zinahusika moja kwa moja hapa. Ya kwanza inadai kuwa kila msomaji anastahili kupata kitabu kinachomfaa. Ya pili inageuza sura hiyohiyo, kwamba kila kitabu kilichowekwa rafuni kina msomaji wake na ni wajibu wa maktaba kuwakutanisha. Ya tatu inahusu muda wa msomaji, kwamba usipotezwe.

Kanuni hizi zina faida ya kuunganisha mambo ambayo mipango ya maktaba mara nyingi huyatenganisha. Mkusanyo hujibu kanuni ya kwanza, shughuli hujibu ya pili, na huduma hujibu ya tatu. Maktaba inaponunua vitabu bila shughuli za kuvitambulisha, au inapoandaa shughuli zisizo na vitabu vinavyohusiana nazo, inatimiza kanuni moja kwa gharama ya nyingine.

4.0 Mkusanyo

4.1 Lugha na Asili ya Vitabu

Mwanafunzi wa Tanzania katika shule nyingi za serikali husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha huhamia Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza. Nje ya darasa maisha yake yote, kuanzia sokoni hadi msikitini au kanisani, yanaendelea kwa Kiswahili. Maktaba inayomhudumia inahitaji vitabu vya aina mbili: Kiingereza chepesi cha kumvusha katika badiliko hilo, na Kiswahili cha kumfurahisha na kumkomaza. Rafu nyingi zimejaa aina ya tatu, yaani Kiingereza kigumu kilichoandikwa kwa ajili ya msomaji wa nchi nyingine.

Sababu yake inaeleweka. Vitabu vya msaada kutoka ng'ambo vimekuwa tegemeo kwa miongo mingi. Shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library, ambalo leo ni Book Aid International, ni mojawapo ya yaliyopeleka vitabu vingi Afrika, na vipo vya tiba, sayansi na vya watoto ambavyo maktaba zisingevimudu kwa fedha zake. Hata hivyo, mtoa msaada hawezi kutoa asichonacho. Kitabu cha Kiswahili hakitoki London. Kwa hiyo makala yanapendekeza mgawanyo wa majukumu: misaada ibebe vitabu vya rejea na sayansi, na fedha taslimu, hata zikiwa kidogo, zielekezwe kwa machapisho ya Kiswahili yanayopatikana nchini.

Katika kuchagua machapisho hayo, mkutubi asianze na vitabu vya heshima pekee. Riwaya za upelelezi na za mapenzi za miaka ya 1970 na 1980, kama zile za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, zilipita mkono kwa mkono bila kuhimizwa na mwalimu yeyote, nazo zinathibitisha kwamba hamu ya kusoma Kiswahili ilikuwapo pale kitabu kilipovutia. Kwa upande wa kazi za sasa, tuzo humpa mkutubi orodha ya kuanzia. Tuzo ya Kiswahili iliyojulikana kwanza kama Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu zimeibua miswada ambayo sasa ni vitabu.

Aidha, lipo hitaji la maarifa ya maisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Raia mwenye mgogoro wa shamba, mirathi au ajira anatakiwa aikute maktabani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikiwa katika Kiswahili anachokielewa, pamoja na maelezo mepesi ya taratibu za mabaraza na mahakama.

4.2 Kuchuja Vitabu

Rafu iliyojaa inaweza kuwa maskini. Msomaji anayefungua atlasi na kuikuta Zaire, nchi iliyoacha jina hilo mwaka 1997, ana sababu ya kutilia shaka atlasi yote, na akikutana na vitabu vitatu vya namna hiyo hataifungua rafu tena. Wakutubi wanalijua hili. Wanachokihofia ni utaratibu, kwa maana kitabu ni mali ya umma, kimo katika daftari la mali, na kukiondoa kunahitaji idhini na kamati. Njia rahisi ya kukiepuka kikwazo hicho ni kukiacha kitabu kikae.

Makala yanapendekeza uchujaji uwekewe ratiba ya kila mwaka na vigezo vilivyoandikwa, ili uamuzi uwe wa taasisi na usiwe mzigo wa mtumishi mmoja. Tahadhari moja ni ya lazima. Kitabu chakavu cha Kiswahili kilichokwisha kuchapishwa tena kisiondolewe kwa kigezo hichohicho kinachotumika kwa kitabu cha kompyuta kilichopitwa na wakati. Huenda nakala hiyo ni miongoni mwa chache zilizobaki. Kabla ya kufutwa, maktaba ya mkoa iwasiliane na Maktaba Kuu ya Taifa kujua kama nakala yake imehifadhiwa huko.

4.3 Uainishaji na Katalogi

Mfumo wa Dewey, uliotolewa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876, ndio unaopanga vitabu katika maktaba nyingi za umma. Mfumo huu hudhihirisha mtazamo wa waliouunda. Fasihi ya Kiingereza ina namba zake fupi katika 820, ilhali fasihi ya Kiswahili imo ndani ya fasihi za Kiafrika kwa namba 896.392, na lugha yenyewe ipo 496.392. Katika dini, sehemu kubwa ya mia ya 200 imetengewa Biblia na Ukristo, na Uislamu umepewa 297. Matokeo yake ni kwamba katika nchi ambayo riwaya ya Kiswahili ingepaswa kuwa kitu cha kwanza kuonekana, riwaya hiyo hukaa pembeni ikiwa na namba ndefu mgongoni.

Kuuacha mfumo huo kungeleta hasara kubwa kuliko faida, kwa kuwa watumishi wamefunzwa kwao na kumbukumbu zimejengwa juu yake. Kinachowezekana ni kutenganisha namba na mahali. Fasihi ya Kiswahili inaweza kubaki na namba yake lakini ikawekwa karibu na mlango, ikapangwa kwa majina ya watunzi na kuwekewa kibao kinachosomeka: Riwaya, Tamthiliya, Ushairi, Hadithi za Watoto.

Tatizo la vichwa vya mada ni zito zaidi. Vichwa hivyo, yaani maneno ambayo kwayo kitabu hutafutwa katika katalogi, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza hata kama kitabu ni cha Kiswahili. Mama anayetafuta habari za mirathi analazimika kwanza kulijua neno la Kiingereza la kile anachokitafuta. Maktaba ikianza na vichwa mia mbili vya Kiswahili vya mambo yanayoulizwa mara kwa mara, kama vile ardhi, mirathi, lishe, ufugaji wa kuku, uzazi na mikopo, itakuwa imefungua mlango ambao ununuzi wa vitabu pekee hauwezi kuufungua. Kazi hii inahitaji wakutubi wakishirikiana na wataalamu wa Kiswahili, na ni eneo ambalo vyuo vikuu vinaweza kuchangia mara moja.

5.0 Huduma

Kuazima ndiko kunakotofautisha maktaba na ukumbi wa kusomea. Masharti yake ya kawaida ni picha, ada, mdhamini na barua ya utambulisho. Kwa mtumishi mwenye ajira ni mambo madogo. Kwa kijana wa miaka kumi na saba aliyepanga chumba karibu na shule, mdhamini ni mtu ambaye hana.

Ni vyema kueleza kwa nini masharti haya hudumu. Kitabu kikipotea, mtumishi huulizwa. Kitabu kikikaa rafuni miaka kumi bila kufunguliwa, haulizwi mtu. Mkutubi mwenye busara, akiwekwa katika mazingira hayo, atakilinda kitabu dhidi ya msomaji, na vilivyo bora zaidi atavifungia kabatini. Kosa limo katika namna hesabu inavyofanywa. Makala yanapendekeza maktaba iruhusiwe kisheria kutenga kiasi kidogo cha upotevu kinachotarajiwa kila mwaka, kama duka linavyotenga bidhaa zitakazoharibika. Mwanafunzi naye adhaminiwe na shule yake kwa kitabu kimoja kwa wakati mmoja.

Suala la pili ni muda na mahali. Maktaba inayofungwa saa ambazo fundi na mchuuzi wanatoka kazini imekwisha kuwachagulia wasomaji wake. Kenya inatoa funzo hapa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa jamii za wafugaji wanaohama. Funzo lenyewe ni pana kuliko mnyama aliyetumiwa: mpangaji alianza kwa kuuliza msomaji yupo wapi na anakwendaje, kisha akachagua chombo. Kwa mji wa Tanzania chombo hicho kinaweza kuwa sanduku la vitabu stendi ya mabasi au kliniki ya mama na mtoto.

6.0 Shughuli

Shughuli ni daraja baina ya kiti na rafu, na zinazofaa zaidi ni zile zinazoanza na haja iliyomleta msomaji. Mtahiniwa amekuja kwa ajili ya mtihani. Saa moja ya mjadala kuhusu riwaya teule kila Jumamosi, ikiongozwa na mwalimu wa shule ya jirani, inaihudumia haja hiyo. Kitabu chenyewe kikiwa mezani katika nakala kadhaa, pamoja na kazi nyingine mbili za mtunzi huyohuyo, mwanafunzi anaondoka na zaidi ya alichokifuata. Vivyo hivyo, anayeelekezwa kutumia maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada, amejifunza kutafuta, na ujuzi huo haukomi siku ya mtihani.

Watoto wahitaji saa ya hadithi kwa Kiswahili, isiyo na jaribio mwishoni. Watu wazima wahitaji msaada wa kuandika barua, kujaza fomu na kusoma mikataba. Wazee wahitaji kusikilizwa: masimulizi yao kuhusu mitaa, ukoo na kazi, yakirekodiwa na kuandikwa, ndiyo mkusanyo ambao hakuna mfadhili anayeweza kuutuma. Jijini Nairobi, ukarabati wa maktaba za Kaloleni na Makadara uliofanywa na shirika la Book Bunk kwa ubia na Serikali ya Kaunti uliambatana na shughuli za watoto na wakazi. Mfano huo unaonesha kwamba jengo na programu vinaweza kupangwa pamoja tangu mwanzo.

Kanuni ya utekelezaji ni moja. Kila shughuli iishie mbele ya vitabu. Semina ya lishe isiyo na meza ya vitabu vya lishe vinavyoazimika papo hapo ni semina tu, ingeweza kufanyika popote.

7.0 Namna ya Kupima

Daftari la mlangoni huhesabu vichwa. Kwa kipimo hicho maktaba iliyojaa watahiniwa imefaulu, na ripoti ya mwaka haioneshi tatizo lolote. Makala yanapendekeza hesabu tatu za nyongeza, ambazo gharama yake ni daftari na kalamu.

Kwanza, wasomaji waombwe kuacha vitabu mezani wanapomaliza, na mtumishi avihesabu kwa mada kabla ya kuvirudisha. Hesabu hiyo huonesha rafu zipi ziko hai. Pili, liwepo daftari la maswali yaliyokosa jibu, ambamo kila ombi lililoshindikana huandikwa kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa orodha ya ununuzi, na pia chanzo cha vichwa vya mada vya Kiswahili vilivyotajwa hapo juu. Tatu, baada ya kila shughuli ihesabiwe idadi ya walioazima kwa mara ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayadharau kiti. Kumpa mtoto wa nyumba isiyo na meza mahali pa kusomea kwa utulivu ni huduma kubwa, na maktaba zinazoifanya zinastahili shukrani. Ni kweli pia kwamba bajeti ni finyu, na baadhi ya mapendekezo, hasa ununuzi na saa za ziada za kazi, yanahitaji fedha. Lakini kuhamisha rafu ya fasihi ya Kiswahili karibu na mlango, kuandika vibao, kufungua daftari la maswali na kuweka vitabu mezani baada ya mjadala ni mambo yanayoweza kuanza mwezi huu kwa watumishi waliopo.

Historia ya kisomo nchini imeonesha hasara ya kuwafundisha watu kusoma kisha kuwaacha bila cha kusoma. Kijana anayemaliza kidato cha nne akiwa hajawahi kuingia nyumbani na kitabu alichokichagua mwenyewe yumo katika hatari ileile, ila kwake kitabu kipo. Tafiti zijazo zichunguze, maktaba kwa maktaba, ni kikwazo kipi kati ya vilivyoelezwa hapa kinachomzuia zaidi, na kundi gani la wasomaji huinuka kwanza kikwazo hicho kinapoondolewa.